Meno kwa Mama Ndinda, Injini Kwetu

Tulipomzika mama mkwe wangu mwezi uliopita, kijana aliyepewa kazi ya kusoma historia ya marehemu alisimama mbele ya umati, akakohoa kwenye maikrofoni, akasema kwamba Mama Mutua ndiye aliyeleta kilimo cha kisasa Kanyangi, kwa sababu kikundi chake cha akina mama kilikuwa cha kwanza kumiliki tila, mashine ya kulimia. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya hema kwenye viti vya familia, leso imefunika mdomo, na walioniona walidhani ninalia. Silii ovyo. Nilikuwa nauma leso. Kumiliki, kweli tuliimiliki. Lakini mtu akiniuliza ile mashine ililima nini, nitamwomba akae kwanza nimpe chai, maana hiyo ni habari ya mwaka mzima, mwaka wangu wa kwanza katika boma lile, na mpaka leo nikiukumbuka shingo inanipata moto.

Nilikuwa nimeolewa juzi juzi. Mutua alirudi Malili alikokuwa ameajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi, nami nikabaki na mama yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa hata hizo mbili. Jembe lakini halikunisumbua. Kilichonisumbua ni jiko. Lilikuwa jiko la udongo lenye paa la nyasi, kuta zimekuwa nyeusi kwa moshi wa miaka, na kila kitu ndani yake kilikuwa na mahali pake ambapo mimi sikupajua. Mwiko niliuning'iniza msumari usio wake. Sufuria ya chai nilichemshia maharagwe. Unga alinipimia yeye mwenyewe, na nikisonga ugali alisimama nyuma yangu akipumua, kisha akanyoosha mkono, akachukua mwiko, akamalizia. Muthokoi wangu, yale mahindi ya kukobolewa yanayochemshwa na maharagwe, ukiwa mgumu aliuliza kama kwetu watu wana meno ya chuma. Ukiwa laini aliuliza nani ni mgonjwa hapa. Nilipika pale miezi na miezi bila kupika chakula changu hata mara moja, na mwanamke yeyote aliyepikia kwenye jiko la mwingine anajua ninachosema.

Njia ya kutoka ilikuwepo, na yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha. Ng'ambo ya ua kulikuwa na kipande cha shamba kilichokuwa kimelala tangu baba mkwe alipofariki, ardhi nyekundu iliyoshikana kama sakafu, na visiki vya miiba. Aliniambia kwamba katika boma lake mke hajengewi jiko la kupikia mavuno ya mtu mwingine. Nikilima kipande kile, nikavuna changu, Mutua atanijengea jiko langu. Alisema hivyo mbele ya Mutua, tukila, na Mutua akaitikia. Basi mimi nikawa sina ndoto nyingine. Wasichana niliosoma nao walikuwa wakitaka kwenda Nairobi. Mimi nilitaka ndengu, gunia la ndengu, niliweke mlangoni kwa mama mkwe nisimame kando.

Shida ni kwamba kiangazi kilichotangulia kilikuwa kimemaliza ng'ombe wa kulima. Waliobaki walikuwa wanasimama kwa kuegemea miti. Ndiyo sababu kanisa moja rafiki la mbali lilipouliza kikundi cha akina mama kinataka nini, mama mkwe wangu, aliyekuwa mwenyekiti, alisema kinataka ng'ombe asiyekula. Mwezi wa nane ikaja tila kwa pikapu kutoka Sultan Hamud, pamoja na fundi mwembamba mwenye ovaroli, na kikundi kizima kikakusanyika kwetu kuitazama. Fundi alieleza vizuri, siwezi kumlaumu. Hapa mbele ni injini. Huu mkanda wa mpira unatoa nguvu kwa injini kupeleka kwa giaboksi. Giaboksi inazungusha magurudumu, na tena inazungusha meno. Meno yenyewe yalikuwa nyuma ya magurudumu, visu vilivyopinda, vimefungwa kwenye chuma kimoja, na juu yake bati la kuzuia mawe yasikurukie miguuni. Nyuma kabisa kulikuwa na chuma cha kuamua meno yaingie chini kiasi gani, na mikono miwili mirefu ya kushikia, yenye klachi. Fundi alisema tumepata bahati, kwa sababu tila ambayo meno yake yako mbele inaruka ovyo ikikutana na ardhi ngumu, lakini hii magurudumu yanaivuta na meno yanachimba yakifuata, mama anatembea nyuma tu. Akaiwasha, akakata mstari mmoja kando ya choo. Udongo ulifunguka mweusi na laini, na wanawake wakainama kuugusa. Nami niliinama. Nilikuwa nimeshaona ndengu zangu zimesimama.

Sasa hapa ndipo watu wa kwetu walipoonyesha akili zao. Kabla ya tila, kikundi kilikuwa na punda. Punda wa wote alilala kwa mwanachama mmoja, na yule mwanachama akamtumia kuchota maji yake, maji ya shemeji zake na maji ya kuuza, hata mvua zilipokuja punda alikuwa mifupa na masikio. Tangu hapo kikundi kilikuwa kimeapa kwamba mali ya wote haitalala tena kwa mtu mmoja. Wanawake hawa walikuwa wamelimiana kwa mwethya tangu ujana wao, leo shamba lako, kesho langu, na sheria ya mwethya ni kwamba hakuna anayeanza bila wengine. Kwa hiyo walipomaliza kunywa chai walimwambia fundi awaonyeshe namna ya kuifungua yote. Fundi alidhani wanataka kujifunza kuisafisha. Alipoelewa, alivua kofia.

"Mama, hii si mbuzi ati mgawane," alisema.

"Na punda pia haikuwa mbuzi," mama mkwe akamjibu, "lakini mtu mmoja aliikula akaimaliza."

Wakagawana. Injini ilibaki kwetu, kwa kuwa mwenyekiti ni kichwa na injini ndiyo inayonguruma. Meno na bati lake yalikwenda kwa Mama Ndinda, mweka hazina, rafiki wa mama mkwe tangu walipokuwa wasichana. Mkanda ulipewa mke wa mchungaji kwa sababu ya uaminifu. Giaboksi na magurudumu vilienda kwenye banda la mbuzi la mwanachama aliyekuwa na mlango wa kufungwa kwa kufuli, na mikono na kile chuma cha nyuma vikachukuliwa na mwingine. Spana zilipewa katibu. Nikatazama mashine nzima, mpya, yenye rangi nyekundu inayong'aa, ikitawanyika kwa njia za miguu huku na huku juu ya vichwa vya wanawake waliofurahi, na nikataka kupiga kelele. Lakini mke mpya hapigi kelele.

Kazi ya kukusanya vipande siku za zamu niliachiwa mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na nguvu na sina mtoto mgongoni. Nilipewa wilbaro. Nikaijua tila ile kwa nyumba za watu. Kwa mke wa mchungaji mkanda ulikaa ndani ya kabati la sebuleni, umelazwa juu ya kanzu za kwaya, na kabla hajautoa lazima tuombe, tena si sala fupi. Kwenye banda la mbuzi magurudumu yalikuwa kitanda cha wana-mbuzi, nami niliyaosha mavi kila mara. Aliyekaa na mikono aliigeuza kamba ya kuanikia nguo, hivyo nilingoja blanketi ikauke. Na kila nyumba walinipa chai, na chai ya mkubwa haikataliwi, kwa hiyo nilifika shambani tumbo linatikisika na jua liko utosini. Kisha ndipo tunaanza kufunga, na kumbe katibu amekwenda soko na spana zote. Siku moja tuliifunga yote tukasahau bati la juu ya meno, na mwenye shamba akalia kwamba anapigwa mawe. Sisemi uongo, tulikuwa tunalima saa moja na kufunga na kufungua siku nzima. Mtu mwenye jembe angetupita. Nikisema hivyo kwa mama mkwe alinijibu kwamba umoja ni nguvu. Hata hivyo, zamu kwa zamu, mashamba yalilimwa, na ikabaki zamu moja, ya mwisho, ya mke mpya.

Hapo meno yakakwama. Nilikwenda kwa Mama Ndinda na wilbaro yangu asubuhi, nikamkuta anapepeta mbaazi, akaniambia meno hayawezi kutoka mpaka kikundi kikae kikao. Nikarudi. Mama mkwe akasema kikao hakiwezi kuitwa na yeye, maana Mama Ndinda alimtukana kanisani siku ya harambee, alimpa chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono mbele ya wageni. Nikaenda tena. Mama Ndinda akasema hana ugomvi na mtu, ila kama mwenyekiti anataka meno aje mwenyewe kwa miguu yake. Nikarudi. Mama mkwe akasema miguu yake inauma. Mwezi wa kumi ukaisha hivyo. Kwetu mvua ya Novemba ndiyo mvua. Ile ya Aprili hutudanganya tu, hakuna anayeitegemea. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa milima kila alasiri, majirani walikuwa wameshapanda kwenye udongo mkavu wakingoja, na mimi nilikuwa ninasukuma wilbaro tupu kati ya wazee wawili walionuniana. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi, na nyasi nilikuwa mimi. Nilimpigia Mutua simu. Alisema hayo ni mambo ya wanawake tuyamalize wenyewe, kisha salio lake likaisha, au alisema limeisha.

Alasiri moja nilikwenda mtoni kuchota maji, nikakuta foleni ni fupi, nikarudi mapema. Mlangoni pa jiko niliona viatu vya mpira ambavyo nilivijua, nilikuwa nimevitazama sana nikiwa nimeinamisha kichwa kwa heshima. Vilikuwa vya Mama Ndinda. Nilifurahi. Nilidhani wamepatana. Nikasimama nje na mtungi wangu wa maji ili nisiwakatize, nikasikia vijiko vikigonga sahani. Walikuwa wanakula muthokoi niliopika mimi asubuhi, na hakuna aliyekuwa analalamika.

"Hii meno nitaificha mpaka lini?" Mama Ndinda aliuliza. "Huyo msichana anakuja kila siku na wilbaro. Mimi nimechoka kumdanganya, na mimi ni mtu wa kanisa."

"Ngoja tu mvua ianze," mama mkwe akasema. "Ikianza hiyo shamba haitalimika tena mwaka huu."

"Na mwaka ujao?"

"Mwaka ujao iko mbali." Nikasikia akiweka sahani chini. "Ndinda, wewe unakula na wajukuu. Mimi huyu akipata jiko yake nitakula na nani? Nisonge ugali ya mtu mmoja?"

Ningependa kuandika kwamba moyo wangu ulimwonea huruma. Hapana. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilifikiria zile safari zote, zile chai zote, kile kikombe cha kuvunjika mkono ambacho sasa nilijua hakikuwahi kuwako, na nikafikiria kwamba mwanamke huyu alikuwa amenitukania muthokoi wangu miezi yote ile huku akiogopa kuukosa. Niliutua mtungi kwa kishindo ili wajue. Kisha nikachukua jembe pale ukutani, nikavuka ua, nikaanza kulima shamba langu kwa mkono, mbele ya macho yao. Nililima vibaya, kwa hasira. Ardhi ilirudisha jembe kama mwamba. Jua lilipozama nilikuwa nimefungua mahali pa kulaza mkeka, na viganja vyangu vilikuwa na malengelenge. Usiku ule tulikula mimi na yeye, yeye kwenye kigoda chake na mimi kwenye changu.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimeinama tayari niliposikia wilbaro. Mama Ndinda mwenyewe alikuwa anaisukuma, mzee wa watu, anapumua kwa mdomo, na ndani yake mlikuwa na meno na bati lake. Hakunitazama usoni. Aliniambia tu nichukue, yeye hawezi kwenda mbinguni na meno ya watu. Sijui alipita kwa nani njiani, au habari ilipita yenyewe, kwani muda si mrefu mke wa mchungaji alikuja na mkanda mkononi, bila sala, na giaboksi ikaja, na magurudumu, na mikono ikiwa bado na pegi za nguo. Hata katibu alikuja na spana. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho tila ile kukusanyika bila mtu kuitwa. Walifunga wao wenyewe, walikuwa wameshaijua, na walipomaliza ilisimama katika shamba langu imekamilika yote isipokuwa mbele, mahali pa injini, palipokuwa wazi. Wote wakageuka wakatazama nyumba yetu, kisha wakanitazama mimi.

Injini ilikaa sebuleni, kwenye kona ya makochi, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Mama mkwe alikuwa ameketi kando yake amevaa nguo za kanisani, ingawa ilikuwa siku ya katikati ya juma. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali tangu jana. Yalikuwa mazuri, nilikuwa nimeyapanga nikilima. Nilipomwona amevaa vile sikujua niyaanzie wapi.

"Ulitusikia," alisema.

"Niliwasikia, Mama."

"Na bado unataka jiko."

"Bado nataka."

Akatazama nje. Wanawake walikuwa bado wamesimama kando ya tila. Kisha akaondoa kitambaa, akakikunja mara mbili, akakiweka gotini.

"Mlango ya hiyo jiko iangalie kwangu," alisema. "Isiangalie barabara. Nisione mgongo ya nyumba nikiamka."

Nilimwambia sawa. Nikainama niinue injini, nikaisogeza kidogo tu, ikanishinda. Yeye akainuka, akapandisha mikono ya gauni la kanisani. "Peke yako utavunja mgongo, mwiitu wakwa," akasema, yaani binti yangu. " Shika huku, mimi nishike huku." Tukaibeba sisi wawili, tukitembea upande upande, tukagongana na fremu ya mlango, akanilaumu, nikamlaumu, tukavuka ua hivyo hivyo mpaka shambani. Shamba lilimalizika siku hiyo. Mvua ilinyesha kabla juma halijaisha.

Sitaki mtu afikirie kwamba baada ya pale tulikuwa malaika. Nilivuna ndengu, si gunia nililoliota lakini zilitosha, na Mutua akaja na mabati kutoka Malili akanijengea jiko, mlango ukiangalia kwa mama yake. Jioni ya kwanza nilikuwa nimewasha moto wangu na sijaweka hata sufuria alipokuja na kigoda chake akisema kwake kuni zina maji. Kesho yake kibiriti kilipotea. Kesho kutwa alikuja tu. Tangu hapo mwanamke huyo alikula kwangu kila jioni ya maisha yake, na kila jioni chumvi ilikuwa imezidi au imepungua, na moshi wangu ulikuwa mwingi kuliko wa watu wengine, na mwiko wangu alinyoosha mkono akauchukua. Nilizaa, nililea, watoto wakaenda Nairobi, Mutua anakuja mwisho wa mwezi, na yeye yuko pale pale kwenye kigoda. Kuhusu tila, msimu uliofuata mtu mmoja alihama na giaboksi, na kikundi kikarudi kwa majembe. Nilimwambia mama mkwe mara nyingi kwamba wangeiacha nzima ingelima Kanyangi yote. Alisema mimi huwa napenda kulalamika.

Wageni wa matanga waliondoka Jumatatu baada ya mazishi. Mutua alirudi kazini, hema likakunjwa, viti vya kukodi vikaenda. Jioni niliingia jikoni, nikasonga ugali, nikapika mboga, nikapakua. Chumvi ilikuwa imezidi kweli. Mlango wake ulikuwa mbele yangu, umefungwa. Nilitaka jiko hili liwe langu peke yangu kwa muda mrefu sana, na nilikaa pale na sahani magotini nikimkasirikia upya, kwa sababu kile alichoogopa kwamba nitamfanyia, yeye ndiye amenifanyia mimi.